Kifungo cha Pili

Shemeji yangu Sudi Gasana alikuwa fundi cherehani hapa mtaani Biryogo, na kitu kimoja tu kilimkosesha raha duniani: koti lililopungukiwa na kifungo. Mtu akipita mbele ya duka na koti la namna hiyo, Gasana alimwita, akamkalisha, akamshonea bure, kisha akamgombeza. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililomponza.

Mwaka 1976 mwalimu mmoja Mbelgiji, mteja wake wa suti, alirudi kwao na kumwachia mashine ya kutafuta vyuma ardhini. Ilikuwa fimbo ndefu yenye sahani mwishoni kama kifuniko cha sufuria, pamoja na kisanduku cha betri. Ukiipitisha juu ya chuma au shaba, inalia. Mwalimu alikuwa akiitumia kutafuta masalia ya vita vile vya zamani, Wabelgiji walipowafukuza Wajerumani nchini. Gasana akaurithi wazimu huo mzimamzima. Kila Jumapili alifunga duka, akapanda kamyoneti, ile pikapu ya abiria iendayo Kabuga, akashuka Masaka, akazunguka kwenye mashamba yaliyokwisha kuvunwa mtama. Jioni alirudi na maganda ya risasi na bakuli la bati lililotoboka. Dada yangu Hadija, mkewe, alikuwa akimwuliza kama ataleta hata kiazi siku moja. Mimi nilimwita Jenerali. Duka langu la vitambaa lilipakana na la kwake, basi nilipata nafasi nyingi za kumchokoza.

Jumapili moja kabla ya Ramadhani nikaenda naye. Shamba lilikuwa la mzee Bizimana, mtu mpole, aliyetupokea kwa kikombe cha maji na kukaa pembeni kututazama. Jua lilikuwa kali, upepo mzuri. Mashine ikalia karibu na kingo ya shamba. Gasana akachimba kwa mwiko wa mwashi, akatoa kifungo cha shaba chenye kitanzi nyuma. Akaisogeza mashine kidogo. Ikalia tena. Kifungo kingine. Akasogeza. Kingine.

Vilikuwa vimelala kwenye mstari mmoja, kwa nafasi zilizo sawa.

Mimi muuza vitambaa nilielewa, sembuse yeye fundi. Lile lilikuwa koti. Nguo yenyewe ilikwisha kuoza, vifungo vikabaki kama vilivyokaa kifuani. Bizimana alisimama, akavua kofia yake.

"Gasana," alinong'ona, "iko mutu hapo. Wacha."

"Mifupa iko wapi, muzee? Hakuna. Ni koti tu."

Ni kweli, mifupa hatukuiona. Udongo wa mahali hapo ulikuwa mweusi kuliko wa pembeni, basi. Gasana alivipanga vifungo juu ya leso kama alivyovikuta. Kutoka shingoni, cha kwanza kilikuwepo. Cha pili hakikuwepo. Mahali pa cha pili palikuwa na risasi.

Nilitaka tuondoke. Yeye alikitafuta kile cha pili kwa saa nzima, akapapasa udongo kwa vidole, maana seti yenye pengo kwake ilikuwa kero. Hakukipata. Akafunga vifungo na risasi kwenye leso, akaitia mfukoni.

Mwezi wa Ramadhani alijishonea koti la Idi, la buluu iliyoiva. Vile vifungo alivisugua kwa ndimu na majivu mpaka vikang'aa. Pale pa pili akashona kifungo cheusi cha plastiki. Uzi mweusi ulikuwa umekwisha na Gasana hakuwa mtu wa kungoja, akatumia mwekundu. Kesho yake kile cheusi kilikuwa sakafuni, na uzi wake umekaa ndani ya matundu, haukukatika, fundo halikufunguka. Akakishona tena. Kikaanguka tena. Wakati huo alikuwa ameanza kukohoa kidogo, na Hadija akasema ni vumbi la Masaka.

Siku ya Idi, baada ya swala, wanaume tulikuwa uani kwake tukingoja chakula. Gasana alitaka kutuonyesha mashine. Akatupa funguo chini, ikalia. Akaipitisha kwenye sufuria, ikalia, watu wakafurahi. Halafu akajipitishia mwenyewe kifuani, kwa mzaha.

Ililia.

"Ni vifungo hivyo, Jenerali," nikamwambia.

Akavua koti, akanipa. Akajipitishia tena. Ikalia. Akavua shati. Alibaki kifua wazi mbele yetu, jua la saa nne limetuwakia, akaisogeza sahani polepole. Tumboni, kimya. Begani, kimya. Chini ya shingo, upande wa moyo, ikalia na haikunyamaza. Pale ndipo kinapokaa kifungo cha pili.

Mtu mmoja akaomba radhi, akaondoka bila kula.

Baada ya Idi akaanza kutema damu. Tukampeleka hospitali, wakampiga picha ya kifua. Daktari aliishika ile picha kwenye mwanga wa dirisha, akaniita mimi na dada.

"Huyu alimeza kifungo akiwa mtoto?"

Nikatazama. Katikati ya mbavu palikuwa na duara jeupe, na nyuma yake kitanzi kidogo. Daktari alisema hakiko tumboni, kiko kwenye nyama, karibu mno na moyo, na kinasogea. Alisema kukitoa ni hatari na kukiacha ni kifo. Akauliza kovu liko wapi. Hakukuwa na kovu lolote. Dada yangu alikaa chini pale pale, kwenye saruji.

Jioni, tulipokwisha kumrudisha nyumbani na kabla sijaondoka, Gasana alinishika mkono. Mkono wake ulikuwa baridi.

"Anakuja mchana," alinong'ona. "Wateja wakiwepo. Anasimama mulangoni."

"Nani?"

"Hasemi. Anashika koti yake, ananionyesha pengo."

Niliogopa. Siwezi kusema vinginevyo. Lakini Hadija hakuwa na nafasi ya kuogopa. Alikuja dukani kwangu, akachukua kitambaa cheupe cha sanda bila kuuliza bei, akasema, "Kesho tunamurudishia yote."

Tulikwenda watatu, Gasana tukimshika mikono huku na huku. Mvua zilikuwa zimeanza. Bizimana alikwisha kulima shamba lote na kupanda maharage, na ile kingo aliisogeza. Hatukujua mahali. Nikawasha mashine, nikaizungusha kila upande. Kimya. Chuma chote tulikwisha kukichukua sisi wenyewe. Mashine haikuwa na kitu cha kusikia pale.

Isipokuwa yeye.

Ni Hadija aliyewaza hivyo, kwamba kile kifungo kitatuonyesha kwao. Nikaiweka sahani kifuani pa Gasana, ikalia. Tukaanza kutembea juu ya matuta, yeye akijikokota na Hadija amemshika, mimi nikirudi kinyumenyume mbele yake, mashine ikipiga kelele kati yetu. Bizimana alijifunika uso. Tulizunguka mpaka Gasana akaishiwa pumzi. Halafu, kwenye tuta moja kama mengine, mashine ikanyamaza.

Akapiga hatua moja mbele. Ikalia. Akarudi. Kimya.

Tukachimba. Udongo mweusi. Hadija alitandika sanda, akaweka juu yake koti la buluu na ile risasi. Kisha akaangalia vifungo, akakaza macho kwenye kile cheusi, ambacho Gasana alikuwa amekishona upya asubuhi ile kwa uzi uleule mwekundu.

"Toa hiyo ya plastiki. Si yake."

"Hapana," Gasana akasema. Alikuwa hawezi hata kusimama wima. "Koti haiendi kwa mwenyewe ikiwa na pengo. Mimi ni fundi."

Hadija alinitazama, mimi nikamtazama Bizimana. Nani agombane na mgonjwa juu ya kifungo? Tukalikunja koti kama lilivyokuwa, tukafukia, tukamwombea dua yule askari tusiyemjua jina. Nikaipitisha mashine kifuani mwa Gasana. Kimya. Nikairudia, chini, juu, kila mahali. Kimya kabisa. Dada yangu alilia kwa sauti, nami nikalia naye.

Damu ilikoma siku ile ile. Kikohozi kikaisha. Daktari alimwita kwa picha nyingine, hakwenda. Mashine ilimtosha, kisha akaiuza kwa fundi wa redio. Aliishi, akanenepa, akashona suti za harusi za nusu ya Biryogo. Jambo moja tu lilibadilika. Alikaa na uso kwenye ukuta akishona, kisogo mlangoni. Tulizoea.

Alikufa mwaka jana, mchana, akiwa kwenye cherehani. Alishika kifua mara moja, akalaza kichwa juu ya kitambaa. Watu wengi hufa hivyo, nasi tukamshukuru Mungu kwa ile miaka.

Mimi na wanaume wengine wawili ndio tuliomwosha. Tulipomgeuza upande wa kushoto, kitu kikatoka kinywani mwake, kikagonga ubao, kikabaki kwenye maji. Wenzangu hawakuona. Nilikiokota nikakifumbata.

Kilikuwa kifungo cheusi cha plastiki, chenye uzi mwekundu ndani ya matundu na fundo la Gasana mwenyewe. Kile tulichokifukia Masaka na koti. Yule mtu alichukua chake, akaturudishia chetu, na kwa miaka yote ile hatukujua, maana mashine haisikii plastiki.

Hadija sijamwambia. Sikuweza kumzika Gasana nacho, sanda haina kifungo, kwa hiyo kiko kwangu dukani. Nimekiosha kwa sabuni mara nyingi. Kila nikikitazama, ule uzi una udongo mweusi, na udongo wenyewe bado mbichi.