Kifuniko Kimoja cha Maji

Injini ilikohoa mara mbili, ikazima. Kisiwa chao cha Maiana kilikwisha kutoweka nyuma yao, kisiwa cha Tarawa walikokuwa wakienda bado hakijaonekana, na mawimbi yakaanza kuigeuza boti ubavu.

"Baba, lete kidumu cha akiba," alisema Nabuti.

Baba mkwe wake, shemasi Ioteba, alijikuna kidevu. "Nilimpa Tiaon pale ufukweni. Aliniomba."

"Alikuomba, ukampa? Petroli ya safari?"

"Ni ndugu yetu. Ndugu akikuomba mbele ya watu unamnyima kwa uso gani? Hata wewe ungempa."

Kweli, Nabuti angempa. Nani pale Maiana angemnyima? Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Upepo wa magharibi ukawakokota kusini-mashariki. Walikuwa na madafu manne, samaki mkavu mmoja na nusu chupa ya maji. Ioteba alijaza kifuniko cha chupa, akavua kofia, akashukuru kwa sauti ileile ya kanisani.

"Kifuniko, Baba! Unashukuru kifuniko?"

"Ulitaka nisubiri pipa? Kunywa, usimwage."

Siku ya tatu madafu yakaisha. Midomo ilipasuka, chumvi ikaingia katika nyufa. Wingu moja jeusi likaja; wakatandaza shati, likawaachia mafunda manne, likaenda zake. Nabuti alililaani. Ioteba alilikamua shati mpaka tone la mwisho, akacheka, akashukuru tena.

Siku ya tano mzee hakuinuka. Macho yalikuwa wazi, ulimi umevimba. Chupani kulibaki vifuniko viwili. Nabuti aliinyanyua chupa hadi midomoni mwake mwenyewe. Bahari nzima hapakuwa na wa kumwona.

Akaishusha. Akajaza kifuniko, akamwinua mzee kichwa. Ioteba alifumba midomo, akagusa kofia yake.

"Wewe kunywa tu!"

Midomo haikufunguka. Basi Nabuti, aliyezoea kutoroka kanisani kabla ya mahubiri, akaivua kofia ile. "Bwana, ni kifuniko. Kwa leo kinatosha. Cha kesho unajua mwenyewe!"

Mzee alikunywa. Baadaye akanong'ona, "Mbona unamfokea Mungu?"

"Amesikia?"

"Hata viziwi wamesikia."

Nabuti akacheka, na kucheka kukampasua mdomo upya. Akanywa cha kwake taratibu. Hakikumaliza kiu, lakini kilimwondolea hasira, na macho yake yakaanza kuona. Jua lilikuwa linateremka. Ndege weupe walipita juu, wote upande mmoja, wakiwahi viotani.

"Nchi kavu, Baba. Kushoto."

Aling'oa ubao wa kiti, akapiga kasia mpaka viganja vikatoka damu. Minazi ikachomoza. Mbele yake mawimbi yalikuwa yanavunjika juu ya miamba. Akangoja wimbi kubwa lipite, akafuata mgongo wa lililofuata. Boti ikapasuka chini yake. Akamtwika mzee mabegani, akatembea juu ya matumbawe, maji kifuani, kisha kiunoni, kisha magotini.

Mwanamke aliyekuwa akiokota kome alitupa kikapu chake. "Hapa ni kisiwa cha Kuria! Mmetoka wapi? Boti yenu iko wapi? Mmebaki na nini?"

Nabuti alimweka mzee mchangani, akamsikiliza pumzi. Ilikuwepo.

"Ninaye baba mkwe wangu, mama," alisema. "Hatujapungukiwa."