Boraksi Kwenye Uji wa Emérence

Mjini Butembo, Lusenge alikuwa fundi wa kuyeyusha dhahabu. Kila asubuhi aliwasha makaa, akatia dhahabu ndani ya chungu kidogo, kisha akanyunyiza boraksi, ule unga mweupe wa kuisafisha. Mkewe Emérence aliuza ndizi mlangoni, akitaniana na kila mpita njia.

Lakini shingoni alikuwa na uvimbe. Daktari alisema ni kansere, inatibika, ila lazima aende Kampala haraka kupigwa mionzi. Lusenge aliogopa, maskini, mpaka akarukwa na akili.

Ndipo redio ikasema: huko ng'ambo, wagonjwa wengine wa kansere wanapewa boroni, kisha wanapigwa mionzi.

"Boroni!" Lusenge aliruka. "Lakini si iko ndani ya boraksi yangu?"

Akatia kijiko kizima katika uji wa mkewe.

"Kunywa, bibi yangu. Utapona."

Emérence akanusa ule uji, buyi kwa lugha ya kwao. "Unanipikia buyi ao unanisafisha kama zahabu?"

Kwa bahati, jirani yao Nadège, muuguzi, alikuwa anaingia. Alinyakua bakuli.

"Papa Lusenge, hii iko sumu! Itamuharibu tumbo na mafigo."

"Lakini redio ilisema!"

"Redio ilisema kweli, we ulisikia nusu. Ukiyeyusha zahabu, boraksi unamwaga wapi? Kwenye meza? Kwenye kiti?"

"Aka! Ndani ya chungu tu, pale zahabu iko."

"Ni vile. Boroni nayo inatakiwa iingie ndani ya uvimbe. Mionzi ya namna yake inaikuta pale, na chembe mbaya inakufa toka ndani. Basi batu ba science banatengeneza tufuko tudogo sana, twa kitu kama plastiki. Jicho haliwezi kuona tufuko tule. Tufuko ndiyo tunabeba boroni mpaka kwenye uvimbe. Lakini bado banajaribu tufuko tule. Dawa ya Mama Emérence leo ni ile docteur alisema."

Lusenge akaketi, machozi yakamtoka. "Niliogopa kumupoteza."

"Basi ogopa ukitembea," Emérence akamwambia. "Tufunge mizigo."

Wakaenda Kampala. Miezi ikapita, Emérence akarudi. Amekonda, sauti inakwaruza kidogo, lakini uvimbe umekwisha. Ataendelea kwenda kupimwa kila mara daktari akimwita.

Siku aliyotoka tena na ndizi zake, mlangoni alikuta kopo la boraksi ambalo Lusenge aliliandika kwa chaki: YA ZAHABU.

Akachukua chaki, akaongeza chini yake: HAPANA YA BUYI.

Lusenge akasoma kwa sauti, neno kwa neno, naye Emérence akacheka mpaka ndizi zikamwanguka.