Buibui Mdomoni mwa Kibuyu

Siku ile mjinga alikuwa Sajini Lukumani, na kofia ya polisi haikumsitiri. Saa nne asubuhi alikuwa ameshamtia pingu Mahona, mrina asali wa Sikonge, kwa kuleta asali yenye sumu katika hospitali ya misheni. Mahona akachovya kidole kwenye mtungi ule ule wa asali, akalamba, akaomba mkate.

Mtuhumiwa wa pili akawa Nesi Tekla. Ndiye aliyeomba kujaribu asali: nusu ya wagonjwa wa donda ndugu wafungwe asali, nusu marhamu, kisha walinganishwe. Sasa wa marhamu walikuwa wakipona, wa asali wananuka, na mmoja alikuwa akingojea kukatwa mguu. Daktari alikwisha sema: asipopatikana mkosaji leo, Tekla avue sare, aende mahakamani.

"Nani aliyechagua wa asali na wa marhamu?" Lukumani aliuliza.

"Hakuna," Tekla alijibu. "Kila ajaye huingiza mkono kibuyuni bila kutazama. Akitoa punje nyekundu, hufungwa asali; akitoa nyeupe, marhamu. Kibuyu anacho dresa Anselm, mfunga vidonda wetu, pale mlangoni. Ndiye aliyenifundisha kufunga bendeji."

Lukumani akapita kati ya vitanda. Upande wa asali, kila donda lilizungukwa na chale za mganga, kuukuu, zimeshakuwa makovu. Upande wa marhamu hakuona hata moja. Madonda yao yalikuwa ya msimu huu huu.

Akamwinamia Mzee Abasi wa Mtendeni, mgonjwa wa asali. "Shikamoo, mzee. Uliokota punje gani?"

"Marahaba. Punje ya nini, mwanangu? Yule bwana alinifunua mguu, akaona chale, akanionyesha kitanda."

Anselm alipoitwa aliapa kwamba wote waliokota. Lukumani akakiinua kibuyu kwenye mwanga wa dirisha. Utando ulikuwa umeziba mdomo wote.

"Na huyu buibui, dresa, naye aliokota punje?"

Anselm akakaa chini. Akaeleza kwamba asali ikishinda, Tekla angepewa wodi, na yeye mwalimu wake angekuwa wa kutumwa maji. Ndipo madonda makongwe akayapeleka kwenye asali, mapya kwenye marhamu.

"Lakini sumu sikutia," alisema, akimtazama sajini anayemfungua Mahona pingu. "Sikumgusa mgonjwa hata mmoja. Niliwapanga tu."

Tekla alikuwa ameshachukua bendeji safi, akielekea kwa Mzee Abasi. Hakugeuka.

"Ukishapanga hivyo, mwalimu, sumu ya nini tena?"