Petroli Iliyobanwa

Dereva Mwewe alikuwa bado amefungwa mkanda kitini, amekufa. Zimamoto walikuwa wameuzima moto, lakini povu lao liliendelea kuchuruzika kwenye boneti iliyokunjika kama karatasi. Gari lilikuwa limeuvaa ukuta wa kona ya mwisho ya uwanja wa mbio, mchana kweupe, mbele ya mashabiki wake.

"Ajali, afande," alisema msimamizi wa mbio. "Injini ilipasuka, moshi ukamziba macho, basi."

"Injini iliyofungwa upya wiki hii?"

Inspekta akaamuru gari lisiguswe na mtu.

Kesho yake mtaalamu wa maabara ya polisi aliifungua injini. Ilikuwa ya rota: badala ya pistoni, ndani yake huzunguka vipande vya pembetatu vyenye sili nyembamba za chuma kwenye ncha, za kuzuia hewa isivuje. Sili moja ilikuwa imekatika. Kipande chake kilirukia kwenye turbo, kikaisaga, na oili ikamwagikia bomba lililokuwa jekundu kwa moto.

"Sili haikatiki bure," mtaalamu alisema. "Turbo inasukuma hewa nyingi ndani, na lazima hewa hiyo ipewe petroli ya kutosha. Ukiibana petroli, joto linapanda, injini inaanza kugonga, sili inakwenda."

"Na petroli ilibanwa?"

"Kwenye kompyuta ya gari. Mtu amebadilisha vipimo, na kazi yake anaijua."

Siku hiyohiyo ikaja ripoti ya uchunguzi wa maiti. Mwewe alikufa kwa pigo la kichwa, kabla moto haujamfikia. Lakini daktari aliona pia damu ya zamani kwenye ubongo, ya ajali iliyotangulia. Inspekta aliisoma mara mbili, akachukua kofia yake.

Gereji ilikuwa imefungwa nusu mlango. Fundi, kaka mkubwa wa marehemu, alisimama kando ya roli za kupimia nguvu ya magari, mikono ikining'inia kama si yake. Mjane wa Mwewe alikuwa ameketi juu ya rundo la matairi. Hakuna aliyekuwa analia. Walikuwa wameshapita hapo.

"Nani anapanga petroli ya magari hapa?" Inspekta aliuliza.

"Mimi," Fundi alidakia. "Peke yangu. Nilikosea namba, afande. Nimemuua mdogo wangu. Nifunge pingu twende."

"Ulikosea wapi?"

"Kwenye kompyuta."

"Wapi kwenye kompyuta?"

"Kule juu. Turbo inaposukuma kwa nguvu zote."

"Kule juu petroli imejaa. Hakuna namba iliyoguswa." Inspekta alisogea karibu. "Imebanwa huku chini, turbo inapoanza tu kusukuma. Safu kwa safu, kwa uwiano uleule. Mtu akikosea hakosei hivyo."

Fundi alimtupia jicho mjane.

"Anayetaka kumuua dereva hubana petroli kwenye mwendo wa kufa. Huyu ameibana kwenye mwendo ambao gari lingepimwa hapahapa, juu ya roli hizi, limefungwa minyororo. Alitaka injini ifie ndani ya gereji. Gari lilipimwa?"

"Lilikuwa lipimwe asubuhi ya mbio," Fundi alisema kwa sauti ya chini. "Mwewe akasema tumechelewa. Akalipakia, akaondoka."

"Ulijua kwamba kichwani alikuwa na damu iliyovia?"

"Damu gani?" Fundi aliduwaa. "Damu gani, afande?"

Inspekta aligeukia kule kwenye matairi.

"Mama, ulimsindikiza hospitali wewe?"

"Mwache!" Fundi alipiga kelele. "Nimeshasema ni mimi! Watoto wale watabaki na nani?"

"Nyamaza, shemeji," mjane alisema. Aliinuka taratibu, akajifuta mikono kwenye kanga, ingawa haikuwa na uchafu wowote. "Ni mimi. Miaka yote shemeji amekuwa akiisikiliza injini, mimi nikibonyeza namba. Mkono wangu anaujua. Ulipotaja petroli tu, alijua ni mimi."

"Una haki ya kunyamaza, mama."

"Nimenyamaza vya kutosha." Alimsogelea Inspekta. "Daktari alituambia pigo moja jingine, basi, hatafika hata hospitali. Akaniapisha nisimwambie mtu. Nilimbembeleza. Nilimpigia magoti mbele ya watoto. Akacheka, akasema yeye hana maisha mengine. Nikajisemea, injini ikifa hapa atakasirika, atanitukana, lakini mbio zitampita. Mpaka apate nyingine, labda nitakuwa nimempata mume wangu."

"Kwa nini hukuwaambia wakati anaondoka?"

"Nilikuwa nimewapeleka watoto shule. Narudi, gari halipo. Nikapiga simu, haipokelewi. Nikakimbilia uwanjani. Mlinzi ananiuliza tiketi, afande! Nimemshika shati namwambia simamisha mbio, yeye ananiuliza tiketi! Nikaisikia ile injini inapita nyuma ya ukuta. Ikapita tena. Nikasema labda itahimili, Mungu wangu, labda nimebana kidogo. Halafu sikuisikia tena."

Inspekta alimdaka mkono kabla hajaanguka.

Fundi alikuwa amejiinamia, uso viganjani. "Ungeniambia mimi," alisema. "Shemeji, ungeniambia! Ningeivunja ile injini kwa nyundo, mchana, yeye akiangalia!"

Mjane alimgeukia.

"Nilikuambia," alisema. "Nilikuambia anaumwa kichwa, halali, anatapika. Ukasema dawa yake ni kushinda."

Alinyoosha mikono ifungwe pingu. Inspekta alizitoa pingu zake, akazirudisha mfukoni, akamshika kiwiko, akamtoa nje polepole kama anavyotolewa mgonjwa.