Miaka Aliyoijaza Navalayo

Kila Jumapili asubuhi, kabla kengele haijagongwa, Navalayo alifagia banda la mabati lililokuwa nyuma ya kanisa la Chekalini. Alinyunyiza maji sakafuni ili vumbi litulie, kisha akapanga mabenchi manne ya watoto wadogo. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, darasa la sita, na hakuna mtoto pale aliyemzidi kwa kuijua Biblia. Watu wazima walimsifu waziwazi, naye alizipenda sana sifa hizo.

Jumapili moja ya mwaka wa 1996, mahindi yalipokuwa yakitoa mbelewele, Mwalimu Phanuel aliyewafundisha watoto alifika mapema akiwa amevaa koti la safari.

"Navalayo, shemeji yangu ametutoka huko Navakholo. Nakwenda mazishini, nitarudi Ijumaa," alisema. "Watoto nakuachia wewe. Wasomee habari ya Yesu hekaluni, alipokuwa na umri kama wako. Wasomee tu, kisha muimbe. Umesikia?"

"Ndiyo, Mwalimu. Pole sana."

Navalayo alisoma vizuri. Watoto walitulia tuli waliposikia jinsi wazazi walivyomtafuta mtoto siku tatu, wakamkuta ameketi kati ya walimu, naye akarudi nao Nazareti akawa anawatii. Alipomaliza, akafunga kitabu.

"Halafu?" sauti ndogo ikauliza.

Alikuwa Jepkoech, mtoto wa miaka sita, binti wa jirani yao Kipyegon.

"Halafu akakua."

"Alipokuwa anakua alikuwa anafanya nini?"

Navalayo akakifungua kitabu tena. Kwenye sura iliyofuata Yesu alikuwa tayari mtu mzima wa miaka kama thelathini, anabatizwa mtoni. Akarudi nyuma ukurasa mmoja, akaenda mbele ukurasa mmoja. Miaka kumi na minane haikuwapo. Alikuwa amesoma habari hiyo mara nyingi, lakini hakuwahi kuliona pengo lile.

"Hajui!" akacheka Shitanda, mvulana wa miaka minane aliyependa kukaa benchi la nyuma. "Navalayo hajui!"

Navalayo akahisi uso ukimwaka moto. "Nani hajui? Sikilizeni niwaambie."

Akaanza. Mwanzoni alisema machache, kwamba Yesu alikwenda safari na wenzake nyikani, wakashikwa na njaa. Lakini macho ya watoto yalivyozidi kupanuka, ndivyo naye alivyozidi kuongeza. Akatazama nje, akaiona mibarika iliyoota kando ya ua, yenye vishada vya miba miba na mbegu zenye madoadoa kama kupe walioshiba.

"Hapakuwa na chakula ila mbegu za sumu kama zile pale," akasema. "Wenzake wakaogopa. Yesu akaomba, akala mbegu saba, asipatwe na lolote. Na yeyote anayeomba bila kuogopa hadhuriki."

Hata Shitanda alinyamaza. Navalayo akatoka bandani akijiona mkubwa. Ulimi hauna mfupa, na siku ile wake ulikuwa umekwenda mbali.

Jumanne jioni, alipokuwa akichambua mboga ya mrenda jikoni, mama yake aliingia akitikisa kichwa.

"Mtoto wa Kipyegon anatapika tangu jana usiku. Hata maji hayakai tumboni. Wanasema ni malaria. Njoo twende tukawajulie hali."

Navalayo aliiweka mboga chini. Akajiambia kwamba ni malaria tu, kila mtu huugua malaria.

Jepkoech alikuwa amelala kwenye mkeka, midomo imekauka, macho yameingia ndani. Mama yake alikuwa ametoka nje kumwaga beseni, na Mama Navalayo akamfuata ili amsaidie. Navalayo akabaki peke yake na mgonjwa. Jepkoech akamwashiria kwa kidole asogee.

"Nilikula saba," alinong'ona. "Kama Yesu. Niliomba kwanza. Nitapona, sivyo?"

Navalayo aliushika mkono wa yule mtoto, ulikuwa baridi.

"Niliogopa kidogo," Jepkoech akaongeza, machozi yakimlengalenga. "Ndiyo maana naumwa?"

Kabla Navalayo hajajibu, Kipyegon aliingia. Alikuwa mtu mrefu, mchache wa maneno, na watoto wa pale walimwogopa hata alipokuwa hajakasirika. Mkononi alikuwa na vidonge vya malaria alivyonunua dukani. Navalayo akasimama, akapita ubavuni mwake, akakimbia hadi nyumbani.

Huko nyumbani hofu ilimkaba kila upande. Aliogopa kwamba Jepkoech angekufa. Alimwogopa Mungu, kwa maana alikuwa amemsikia mhubiri akisema ole wake anayeongeza neno kwenye Maandiko. Tena kulikuwa na hofu nyingine, ambayo watu wazima waliizungumza kwa sauti ya chini. Miaka michache nyuma, majirani wa Kiluhya na wa Kikalenjin wa sehemu zile walikuwa wamekimbiana, nyumba zikachomwa, na yeye na mama yake wakalala mashambani siku tatu. Sasa watu walikuwa wameanza tena kuazimana majembe. Ingekuwaje ikijulikana kwamba mtoto wa Kipyegon, Mkalenjin, amelishwa sumu na maneno ya binti wa Kiluhya?

Akanyamaza.

Asubuhi mama yake alimtuma shule kama kawaida. Alipofika kwenye njia panda, Navalayo alisikia mwanamke akilia nyumbani kwa Kipyegon. Akasimama. Njia ya shule ilikuwa nyeupe mbele yake, rahisi kabisa. Akageuka, akaingia uani kwa Kipyegon kabla woga haujapata nafasi ya kumrudisha.

Kipyegon alikuwa akiteka maji kutoka kwenye pipa.

"Mzee," Navalayo alisema. "Si malaria. Jepkoech alikula mbegu za mbarika. Saba. Ni mimi… Niliwadanganya watoto kwamba Yesu alizila. Jambo hilo halikuandikwa popote. Nililitunga mwenyewe."

Kipyegon alimtazama. Navalayo alifumba macho, akingoja pigo.

Alichosikia ni mlio wa ndoo ikianguka. Alipofumbua macho, Kipyegon alikuwa tayari anatoa baiskeli, akimwita mkewe amfungie mtoto mgongoni.

"Na wewe njoo," alimwambia Navalayo bila kumtazama. "Daktari atauliza, nawe ndiye unayejua."

Alikimbia nyuma ya baiskeli ile hadi zahanati, vumbi likimwingia kooni. Daktari, mama mnene mwenye miwani, alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, kisha akamwinamia Jepkoech.

"Ulizitafuna, mwanangu, au ulizimeza nzima?"

"Nilitafuna mbili. Zilikuwa chungu. Zile zingine nikameza tu."

Daktari akashusha pumzi. "Hiyo ndiyo bahati yetu. Ganda lake ni gumu. Ikimezwa nzima, sumu nyingi hubaki ndani. Lakini maji yamemwishia mwilini. Mngeendelea kumtibu malaria nyumbani, sidhani angeiona kesho." Akaanza kutafuta mshipa wa kumwekea maji. Ghafla akasita, akamgeukia Navalayo. "Kuna watoto wengine waliosikia hadithi hiyo?"

Navalayo akawakumbuka wote waliokuwa bandani.

Akakimbia tena, safari hii shuleni. Aliwaeleza walimu mbele ya darasa zima, na watoto wengine wote kumi na wanne wa shule ya Jumapili wakaitwa. Wawili walikuwa na mbegu za kuchezea. Shitanda alikuwa nazo saba kamili kwenye mfuko wa kaptura.

"Ningezila leo saa nne, wakati wa mapumziko," alisema. "Nilikuwa nangoja niache kuogopa."

Navalayo akaketi chini palepale, akalia.

Alhamisi jioni Kipyegon alikuja nyumbani kwao. Mama Navalayo, aliyekwisha kuambiwa yote, alisimama mlangoni na kumficha binti yake nyuma ya kanga. Kipyegon alivua kofia.

"Mama Navalayo, mtoto amekunywa uji leo. Umekaa tumboni." Akaigeuza kofia mkononi. "Binti yako alituumiza, na binti yako ndiye aliyetuokoa. Bado sijui nimwambie nini. Nimekuja tu mjue kwamba anaishi."

Mama Navalayo alimletea kiti, na Kipyegon akaketi, akanywa chai.

Mwalimu Phanuel aliporudi Ijumaa, habari zilikuwa zimemtangulia. Alimkuta Navalayo bandani, ameketi kwenye benchi la watoto wadogo.

"Mwalimu, Mungu ataniadhibu?"

"Umekuwa ukiadhibiwa tangu Jumanne, naona," Mwalimu alisema, akaketi kando yake. "Omba msamaha, naye husamehe. Lakini niambie, ni nini kilichokufanya useme vile?"

"Sikutaka kusema sijui." Navalayo alipangusa pua. "Mwalimu, kwa nini waliacha pengo? Kama wangeandika yote, mimi nisingetunga."

"Nami nimejiuliza hivyo. Jibu kamili sina. Lakini fikiria hivi: wale walioandika walikusanya habari kwa watu walioona kwa macho yao. Wakati anahubiri na kuponya, mashahidi walikuwa wengi. Alipokuwa kijana huko Nazareti, nani alikuwa akimwangalia? Pengine ilikuwa miaka ya kuchota maji, kufanya kazi na kuwatii wazazi, kama yako. Tena nia yao haikuwa kueleza kila siku ya maisha yake. Waliandika yale waliyoona yanatosha kwa mtu kuamini."

"Lakini wangeweza kutunga kitu kizuri."

"Wangeweza! Na watu wangekipenda, kama watoto walivyoipenda hadithi yako. Lakini mahali ambapo hawakujua, walinyamaza. Mimi pengo lile hunifanya niwaamini zaidi. Mtu anayeweza kusema 'hapa sijui' ndiye ninayemsadiki anaposema 'hapa najua'."

Navalayo aliinamisha kichwa. Nje, wanaume wawili walikuwa wakiing'oa ile mibarika ya uani na kuitupa shimoni.

"Jumapili utasimama mbele ya watoto," Mwalimu akasema taratibu, "uwaambie lipi limeandikwa na lipi ulilitunga. Nitakuwa karibu, lakini mdomo utakuwa wako."

"Naogopa, Mwalimu."

"Ogopa, lakini useme. Neno 'sijui' huaibisha kwa dakika moja tu, mwanangu. Uongo wako ulikaa ndani ya tumbo la mtoto siku mbili."

Jumapili ile Navalayo alisimama mbele ya mabenchi manne. Nafasi ya Jepkoech ilikuwa bado tupu, na watoto walimtazama bila kupepesa. Aliishikanisha mikono nyuma ya mgongo.

"Kuhusu miaka ile ambayo Yesu alikuwa akikua," alianza, "mimi sijui."