Yangu Hukuitazama

Damu ya yule mtoto ilikuwa ya baridi.

Lusajo, mtaalamu wa maabara katika zahanati moja ya binafsi mjini Tunduma, ndiyo kwanza ameivuta. Mtoto bado analia mapajani mwa mama yake, lakini kichupa kilimgandisha vidole kama kimetolewa kwenye jokofu.

"Hebu shika hii," alimwambia Angel, muuguzi.

Angel akashika. "Mbona ina joto lake, kaka. Au hujala?"

Tangu hapo kila damu aliyoigusa ilikuwa hivyo. Kisha ikaja harufu ya tope la majaruba ya mpunga, humu mjini penye vumbi la malori. Na adhuhuri moja, wagonjwa wamejaa kwenye mabenchi, alipoinamia darubini kutafuta vijidudu vya malaria, alihisi mtu ameinama pamoja naye, shavu kwa shavu, shavu lenye unyevu, na ile pumzi ya tope ikampita sikioni taratibu, na sauti ya mwanamke, ya chini, isiyo na haraka, ikamwambia, "Yangu hukuitazama."

Hakuhitaji kuuliza ni nani. Jenista wa Kamsamba, bondeni kwenye mpunga, akiwa mjamzito, alikuwa amekuja na homa kali jioni ya mechi. Lusajo hakuigusa hata hiyo darubini. Aliandika hana malaria, akawahi mpira. Jenista alifia njiani akirudi kwao.

Lusajo alimwendea mchungaji wake akaombewa, lakini sauti haikunyamaza. Ndipo Lusajo akateremka hadi Kamsamba, kwenye joto, akamkuta mama wa marehemu uani akipepeta mchele. Alipiga magoti akasema yote.

Mama hakusimamisha ungo. "Najua. Siku ya kumzika nilimwinamia, nikamwambia asilale mpaka akutoe machozi."

"Yamenitoka, mama. Mwite basi apumzike."

"Namwita kila siku. Hata mimi sasa nataka alale." Sauti yake ilikuwa imechoka. "Kumtuma nilijua. Kumrudisha sijui."

Akaweka ungo chini, akavuta kigoda, akakipangusa kwa kanga. Macho yake yalikuwa begani mwa Lusajo.

"Shuka, mwanangu," alinong'ona. "Njoo ukae na mama."

Walingoja wote wawili. Kigoda kikabaki kitupu, na shingoni mwa Lusajo mikono yenye unyevu, yenye harufu ya tope, ikajikaza.