Filimbi ya Mama Cherehani

Jumamosi ile nilifua mapema, nikaanika, nikambeba mwanangu mgongoni na kumpitia wifi yangu twende kwenye kikao cha mtaa. Jua lilikuwa jema. Wifi alinifungulia huku ameweka kidole mdomoni. Binti yake, aliyekuwa ndiyo kwanza anasimama kwa kushikilia ukuta, alikesha na homa, na sasa alikuwa amepata usingizi.

"Nimwache tu, wifi," alinong'ona. "Kwa mwenyekiti ni pua na mdomo. Akilia nitamsikia."

Akatia komeo kwa nje, tukaenda.

Jumuiya yetu ya wakazi hukutana uani kwa mwenyekiti. Tunamwita Hoja, maana hata ukimpa salamu atakuuliza kama hiyo ni hoja au ni mchango. Siku hiyo mambo yalikuwa mawili: mtaro ulioziba, na filimbi.

Filimbi zilianza wezi walipotuzidi. Kila nyumba ilipewa yake, na sheria ikawa fupi: ukisikia ya jirani, jibu kwa yako, kisha toka. Kamba za filimbi zote alizishona Mama Cherehani, fundi nguo aliyeishi peke yake nyumba ya kona. Alizishona kwa vipande vya kitambaa chekundu, wala hakungoja shukrani. Ndivyo alivyokuwa. Ukipita na mtoto ambaye gauni limempanda, atakuita, ateremshe upindo, akupe mtoto wako uende. Mguu wake mmoja ulikuwa mbovu, aliuburuta, lakini penye shida alifika wa kwanza.

Halafu watoto wakazifanya filimbi mchezo. Zikilia, watu wanasonya tu. Siku ya mvua kubwa Mama Cherehani alipopuliza yake, ndefu, tena na tena, mtaa mzima tulisema, "Hao watoto hao!" Mvua ilipokatika alikutwa nyuma ya mlango wake, filimbi mdomoni. Waliomwosha walishindwa kuitoa menoni. Alizikwa nayo.

Ndiyo maana Hoja alitaka zilizobaki zirudishwe. Kapu likapitishwa, kila mtu akatumbukiza yake.

"Yangu imelala kwenye mkaa," alisema muuza mkaa. "Atakayeipuliza akiota masharubu, asije kunidai wembe."

Tukacheka. Kicheko hakijaisha, filimbi ikalia.

Ndefu. Kutoka kona.

"Nani amebaki na yake?" Hoja aliuliza kwa ukali.

Alilivuta kapu, akapekua. "Zote zimo," alisema, na sauti yake haikuwa kali tena.

Ikalia mara ya pili. Tuligeuka sote. Nyumba ya kona ilikuwa imepigiliwa mbao, mlango na madirisha, tangu msiba. Mchana kweupe. Muuza mkaa alikuwa bado ameacha mdomo wazi, lakini hacheki.

Wifi akasimama.

"Mara ile hatukwenda," alisema polepole. "Na sheria tuliiweka wenyewe."

"Keti, mama," Hoja alimnong'oneza. "Hiyo si ya kujibiwa."

Wifi akachukua filimbi moja kapuni. Akajibu.

Hata mwanangu mgongoni aliacha kuchezea nywele zangu.

Kisha ikalia tena, karibu zaidi. Nilimtazama wifi, naye akanitazama. Haikutoka kona sasa. Ilitoka nyumbani kwake.

Alikimbia peku. Nikamfuata. Komeo lilikuwa kama alivyoliacha. Akalifungua.

Beseni la nguo alizoloweka lilikuwa limemwaga maji sakafuni. Mtoto hakuwa karibu nalo. Alikuwa mkekani, upande wa pili wa chumba, nywele zinachuruzika maji ya sabuni. Alikuwa amelazwa ubavu, kichwa kimeinamishwa kidogo, kama anavyolazwa na mtu anayejua. Alikohoa. Akatapika povu. Akalia.

Wifi alimkumbatia, akalia kuliko yeye. Mimi nilitazama chini. Kutoka kwenye beseni hadi mkekani kulikuwa na nyayo za maji. Mmoja mzima. Mmoja umeburutwa. Mlangoni hazikufika. Zilikoma pale alipolala mtoto.

Jioni wifi alikwenda kona akasimama mbele ya zile mbao. "Asante, mama," alisema. Mke wa muuza mkaa alinivuta mkono.

"Mwambie asirudie," alininong'oneza. "Aliyekufa ukimshukuru, anajua bado anahitajika."

Sikumwambia. Ningemwambiaje mtu aliyerudishiwa mtoto?

Wifi hajui kushona. Kwake hakuna hata sindano. Lakini tangu siku ile mtoto anarefuka na magauni hayawi mafupi. Upindo unateremka. Uzi mwekundu, mishono midogo midogo, ile ile tuliyoijua. Aliyafungia magauni sandukuni, akalala na ufunguo shingoni. Asubuhi upindo umeteremka. Sasa halali. Kila akisinzia anazinduka kuweka kiganja kifuani kwa mtoto.

"Namshukuru, wifi," aliniambia, macho mekundu. "Lakini sijui ananikuzia, au anajikuzia."

Juzi jumuiya ilikutana tena. Hoja moja: nyumba ya kona ibomolewe.

"Wanaokubali, wanyooshe mikono."

Uwanja mzima ulinyoosha. Muuza mkaa alinyoosha yote miwili. Wangu ulikuwa njiani. Wifi peke yake aliikunja yake kumzunguka binti yake aliyempakata.

"Ikibomolewa," alisema, "atahamia wapi?"

"Nani?" Hoja aliuliza.

Mtoto alijichomoa mapajani, akatembea hadi katikati ya watu, akasimama pale na gauni lake la bluu. Asubuhi ile nilimvisha mimi mwenyewe, maana mama yake alikuwa hoi. Lilimfika magotini. Nina hakika.

Sasa upande mmoja ulikuwa magotini. Upande wa pili ulikuwa umeshuka hadi kwenye kifundo cha mguu, na upindo haujamalizika.

Mikono ikaanza kushuka, mmoja baada ya mwingine. Hakukuwa na upepo. Kwenye ncha ya uzi mwekundu ilining'inia sindano, na ilikuwa bado inabembea.